Karibu Iliyomfukuza Kidawa

Katika mji mzima wa Mningani hapakuwa na sauti tamu kama ya Bi Mwasiti binti Salehe. Halmashauri yenyewe iliithibitisha, ikaiweka ndani ya nguzo zote za soko. Ni kweli kwamba siku ya kutafuta sauti walijitokeza wanawake wawili tu, na yule wa pili alikuwa na mafua.

Habari ya mafua Mwasiti hakupenda isimuliwe. Alichopenda ni kupita sokoni asubuhi, kanga moja kiunoni na moja begani, akijisikiliza. Sauti yake ilitoka kwenye mchele, ikatoka kwenye ndizi, ikatoka kule kwenye vifaranga, hata mlangoni mwa choo ilikuwepo. Watu wengine hujitazama kwenye kioo. Yeye alikuwa na soko zima.

Nguzo zenyewe zilikuwa na urefu wa mtu, zimetengenezwa kwa unga wa mbao ulioshindiliwa, na juu zimevaa kofia ya kioo cha kunywa jua. Hazikujishughulisha na kila mpita njia. Ukienda kununua nyanya zako na akili zako kamili, nguzo ilikaa kimya kama nguzo za zamani. Zilimsubiri mtu mwenye ushanga.

Ushanga ulikuwa mweupe, mdogo kama punje ya mtama, unashonwa kwenye kola ya mtu ambaye kumbukumbu zimeanza kumtoroka. Ushanga ukikaribia, nguzo ilimjua mwenye nao ni nani, anapenda nini, anaogopa nini, na amekuja kununua nini kabla hajasahau. Kisha ikaanza kuzungumza naye, taratibu, kwa sauti ya Mwasiti.

Na soko lote lilijengwa kwa kuwafikiria watu hao. Sakafu ilikuwa ya rangi moja toka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mwenye ushanga akiona doa jeusi chini hudhani ni shimo, husimama hapo akatetemeka. Milango ya vyoo ilipakwa rangi nyekundu ionekane kwa mbali, na vioo vya ndani viling'olewa. Kulikuwa na bibi mmoja ambaye kila akiingia alimkuta mle kizee asiyemfahamu, akamwomba radhi kwa kumwingilia, akatoka bila kujisaidia. Habari zake zikaishia kwenye benchi, wala tusiendelee.

Wifi yake Mwasiti, Bi Kidawa, alishonewa ushanga baada ya mvua za mwaka uliopita. Kidawa alikuwa dada wa marehemu Hemedi, mume wa Mwasiti. Mawifi hao waliishi nyumba moja na walikuwa wakitukanana tangu siku Mwasiti alipoingizwa pale na sanduku lake la bibi harusi. Ugonjwa ulimpokonya Kidawa majina ya wajukuu, ukampokonya na miaka, lakini matusi yote ulimwachia yakiwa mazima.

Asubuhi moja wakaenda sokoni pamoja.

"Karibu, Bi Kidawa," ikasema nguzo ya mlangoni. "Karibu sana. Jisikie uko nyumbani."

"Asante," akasema Kidawa. Akavua ndala zake, akazipanga vizuri ukutani.

"Wifi, vaa viatu. Hapa ni sokoni."

"Nyamaza wewe. Tuko kwa watu."

Mwasiti akazibeba zile ndala mkononi. Wakapita kwenye mchele, nguzo ikasema karibu. Kwenye ndizi, karibu. Kwenye benchi la kivulini, karibu, keti, upumzike. Kidawa akaketi ukingoni kabisa mwa benchi, magoti pamoja, mikono mapajani, kama mtu aliyekwenda kutoa posa. Mwasiti akamwacha hapo akanunue dagaa. Hakuwa na wasiwasi. Ataondokaje mtu anayekaribishwa vile?

Kidawa alikaa kwa muda wa heshima. Kisha akajikung'uta, akasimama mbele ya nguzo.

"Tumekaa, tumeongea," akaiambia. "Sasa naomba kuaga."

Nguzo haikufundishwa kumzuia mtu, ilifundishwa adabu. "Karibu tena, Bi Kidawa," ikasema.

Basi akaondoka.

Walimkuta ng'ambo ya mashine ya kusaga, amekaa kwenye tuta la reli, miguu inaning'inia, anaangalia nyasi. Treni za siku hizi hazipigi kelele. Hupita kama mtu anayevuta shuka, na ukishaisikia imeshapita. Aliyemwona ni Bwana Kasubi, afisa ustawi wa mji, kijana mrefu mwenye mazoea ya kuinama anapoongea na wazee. Alimshika mkono, akamrudisha polepole, akamsikiliza njia nzima habari za shangazi aliyefariki kabla hata baba yake Kasubi hajazaliwa.

"Bi Mwasiti," akasema walipofika, "hii ni mara ya pili."

"Najua kuhesabu, mwanangu. Nilifika darasa la saba."

"Ya tatu sitaweza kuinyamazia. Mji una kanuni. Atahamishiwa Nyumba ya Utulivu."

Nyumba ya Utulivu ilikuwa mkoani. Ilikuwa safi, ina bustani, ina chakula laini na milango isiyofunguka kwa ndani. Ndugu walikwenda kutazama watu wao siku za Jumapili, wakiwa wameomba nafasi. Mwasiti alimtazama wifi yake, ambaye wakati huo alikuwa akimlalamikia kwamba dagaa aliowanunua wana mchanga.

"Na huko," akamuuliza Kasubi, "atamtukana nani?"



*

Mwasiti alilifikiria jambo hilo kwa upana wote wa akili yake, akapata jibu upesi, na jibu lenyewe lilikuwa baya. Mgeni akiondoka mapema, si ni kwa sababu hakukaribishwa vya kutosha? Basi dawa ni kuongeza karibu.

Alikwenda kwenye chumba cha sauti nyuma ya soko, akaomba kinasa, akamwaga karibu za kila aina. Karibu ya kuvuta. Karibu ya kuimbaimba. Karibu kiti, karibu maji ya kunawa, karibu chai, karibu bibie, karibu pua na macho. Nyingine alizitia na kicheko kidogo mwishoni. Alitoka mle amesimama wima kama bwana harusi.

Kesho yake sokoni hapakuwa na pa kupumua. Kidawa alipiga hatua, nguzo ikamkaribisha. Akageuka, nyingine ikamdaka. Akakohoa, ya tatu ikamwambia karibu maji. Kidawa aliitikia zote. Aliinamisha kichwa, akasema asante, akasema nimeshakaribia, akasema msijisumbue. Jasho likamtoka. Kabla jua halijafika juu ya paa alikuwa tayari amejifunga kanga vizuri, anakwenda mbio kuelekea mstari wa njano unaozunguka soko.

Mwasiti akaacha vitunguu kwenye mizani, akamfukuza. Alimdaka upindo wa kanga kwenye nguzo ya mwisho. Mguu mmoja wa Kidawa ulikuwa nje ya mstari na mmoja ndani. Bahati njema, kanuni ilihesabu aliyeuvuka mwili mzima.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kuna nini?"

"Nyumbani hakuna mtu anayeniambia karibu."

Mwasiti akacheka. Alicheka kweli, mkono kiunoni, maana alidhani ni ule ugonjwa unaongea. "Na hapa wamekukosea nini, we mwanamke? Kila ukinyanyua unyayo unakaribishwa!"

"Ndiyo hilo," akasema Kidawa. Macho yake yalikuwa yametulia, kama yalivyokuwa zamani alipokuwa akipima chumvi ya mchuzi wa Mwasiti na kuukuta hauna. "Mtu akikukaribisha mara moja, amekupenda. Akikukaribisha kutwa nzima, anakukumbusha kwamba hapa si kwako. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi hapa sijui nimekaa siku ngapi, na jembe sijapewa. Niondoke kabla hawajaanza kunong'ona."

"Wanong'one nini?"

"Kwamba huyu bibi hana kwao."

Nguzo ilikuwa pembeni yao, ikisikiliza. Ikaona Kidawa ameelekea nje, ikasema kwa adabu zake zote, "Karibu tena, Bi Kidawa."

"Unaona?" akasema Kidawa.

Mwasiti hakucheka tena. Akamshika mkono, wakarudi nyumbani kwa njia ya uani. Jioni alijiambia kwamba atakesha akilitafakari neno lile. Alilala kabla vyombo havijaoshwa, mwiko bado uko mkononi.

*

"Nataka nguzo zimgombeze," akamwambia Kasubi asubuhi, kwenye chumba cha sauti.

Kasubi akaweka kikombe chini. "Zimgombeze?"

"Nyumbani, Kidawa akiingia, mimi humwambia: ulikuwa wapi wewe, umechelewa, tumekungoja mpaka ugali umeota kutu. Naye anaingia, anakaa, hatoki tena. Mtu wa kwake hakaribishwi, mwanangu. Mtu wa kwake anaulizwa alikuwa wapi."

Kasubi alifikiri kidogo, akamsogezea kinasa. Mwasiti akakohoa kusafisha koo, akasema kwa ukali mzuri: "Kidawa! Ulikuwa wapi? Tumekungoja!"

Nguzo ndogo ya majaribio, iliyokuwa kwenye kona ya chumba, ikamjibu kwa sauti yake mwenyewe. "Kauli imekataliwa. Sikuwa namngoja."

"Ni maneno tu!"

"Sikuwa namngoja," ikarudia nguzo.

"Mjinga we, nani kakuuliza?"

"Hakuna aliyeniuliza. Nimetakiwa kusema, na si kweli."

Ikawa ajabu ya mwanamke kubishana na sauti yake mwenyewe, tena akashindwa.

Kasubi akamweleza, ingawa sehemu kubwa Mwasiti aliijua. Kulikuwa na mwaka mmoja mbaya ambapo mashine ziliiga sauti za watu. Mama alipigiwa simu na mwanawe akilia, akahaha, kumbe mwanawe amelala chumba cha pili. Watu waliuza mashamba kwa sauti za marehemu. Ndipo ikapitishwa Sheria ya Kauli: mashine haimwambii mtu jambo lisilokuwa kweli. Sheria hiyo haikukaa kwenye karatasi, ilifinyangwa ndani ya mashine yenyewe, kama kokwa ndani ya embe. Huwezi kuitoa ukabakiwa na embe.

"Ila," akasema Kasubi, akasita.

"Ila nini? Usinikatie maneno katikati, mimi ni mzee, naweza kufa kabla hujamaliza."

"Kuna Mlango wa Huruma. Waliotunga sheria waliuacha kwa ajili ya wagonjwa. Ndugu wa karibu akiweka kidole gumba kwenye kioo hiki, nguzo zitaruhusiwa kumwambia Bi Kidawa, yeye peke yake, jambo lisilo kweli, ili kumlinda."

"Jambo gani?"

"Lolote litakalomfanya atulie. Kwa kawaida huwa ni sauti ya mtu aliyempenda. Bi Kidawa alimpenda nani?"

Kasubi hakuhitaji kujibiwa. Marehemu Hemedi aliwahi kuwa na simu kama watu wote, na sauti iliyowahi kupita kwenye simu haizikwi. Kasubi akagusa kioo, kwa mfano mmoja ambao Mlango huo humruhusu afisa kuwaonyesha ndugu.

"Kidawa," ikasema nguzo, kwa sauti nzito yenye mkwaruzo wa tumbaku. "Kaa hapohapo, nakuja."

"Labeka!" akasema Mwasiti.

Alikuwa amesimama. Hakujua amesimama saa ngapi. Ameitwa Kidawa, aliyeitika ni yeye.

Kasubi aliangalia vidole vyake. Mwasiti akaketi tena taratibu, akajifuta uso kwa kanga, akakitazama kile kioo cha kidole gumba. Ingefaa. Alijua kwa hakika ingefaa. Kidawa angeketi kwenye benchi, si ukingoni, katikati, na asingeinuka hata soko liungue. Hakuna reli. Hakuna mkoani, wala Jumapili za kuomba nafasi. Kidole kimoja tu, tena hakiumi.

Tena, hili hakulisema, angeweza na yeye kupita karibu na benchi pale mara mojamoja. Kwa bahati tu. Akisikiliza.

"Na jioni?" akauliza.

"Jioni utamchukua, atakwenda nyumbani."

"Bila kaka yake kufika."

"Atakuwa amesahau kwamba aliambiwa. Kesho itaanza upya."

"Kwa hiyo kila siku atangoja."

"Hatajua kwamba anangoja tangu jana, bibi. Kwake itakuwa mara ya kwanza kila siku."

Mwasiti alinyoosha kidole, kikafika karibu na kioo. Akakirudisha.

"Mimi nilimngoja Hemedi mwaka mzima baada ya kumzika," akasema. "Nikiwa na akili zangu zote, nimemwona anafukiwa. Mlango ukilia, nasimama. Kuku akigonga debe, nasimama. Unajua kungoja kulivyo? Haiumi kwa sababu unakumbuka jana. Inauma palepale. Mtoto wa watu nimketishe pale kutwa, shingo imeelekea mlangoni, mpaka afe?" Akatikisa kichwa. "Nyumba ya Utulivu ina milango. Huu nao ni mlango. Tofauti yake huu utafungwa na mimi."

Kasubi akazima kioo.

"Nilitakiwa nikuonyeshe," akasema. "Sikutakiwa nikuombee usikubali. Lakini niliomba."

"Basi niambie nifanye nini, wewe uliyesoma."

"Nguzo haiwezi kusema uongo," akasema Kasubi polepole, kama mtu anayetafuta njia gizani kwa unyayo. "Lakini haichagui kweli. Kukiwa na mtu anayemngoja Bi Kidawa, anayemngoja kweli, nguzo itasema. Itasema hata kama hatutaki."

Mwasiti akamkazia macho.

"Mtu anayemngoja kweli," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa hamu au kwa hasira?"

"Sheria haikutaja."

*

Bi Nyamizi aliuza karanga chini ya nguzo ya saba, mwanamke mpana mwenye ulimi mkali kuliko pilipili za jirani yake. Mwasiti alimkuta amezungukwa na magunia, anamenya, anatukana maganda.

"Nataka umngoje wifi yangu," akasema Mwasiti.

"Nimngoje wa nini? Ananidai?"

"Amenye karanga."

"Ana haraka?"

"Hana."

"Anakula?"

"Kama panya wa ghalani."

Nyamizi akatema ganda. "Basi mimi nitamngojea nini, faida au hasara? Nitamngoja kwa hasira, Mwasiti. Nakwambia mapema."

"Hasira ndiyo ninayoitafuta, dada yangu."

Siku ya kwanza haikwenda vizuri. Nyamizi, ambaye moyoni alikuwa mpole kuliko alivyotaka ijulikane, alimwonea Kidawa huruma, akamwambia karibu mama, akampangusia kiti. Kidawa akaketi ukingoni, akavua ndala. Mwasiti, aliyekuwa amejificha nyuma ya mafungu ya mihogo, akajitokeza mkuku.

"Nyamizi! Tumeagana nini?"

"Ni mama mtu mzima, nitamtukanaje?"

"Mpe ungo! Mpe ungo umwambie anamenya vibaya!"

Nyamizi akampa ungo. Kidawa akautazama. Vidole vyake vikaingia kwenye karanga vyenyewe, bila kumwuliza mwenye navyo. Kidole gumba kikabana, ganda likalia, punje zikadondoka. Akatupa ganda upande mmoja, punje upande wa pili, moja akaitia mdomoni.

"Unakula mali yangu," akasema Nyamizi, kwa kujaribu.

"Na wewe unamenya kama mtu anayevunja mawe," akasema Kidawa. "Nani alikufunza? Punje zote zimepasuka."

Nyamizi akafungua kinywa, akakifunga, kisha uso wake wote ukapanuka. Hapo wakaanza, na hawakunyamaza tena mpaka jua linazama. Walisema maganda, wakasema wanaume, wakasema harusi moja iliyokosa pilau, ambayo Kidawa aliisimulia mara tatu, na kila mara alikufa mtu mwingine kwa aibu.

Huo ungo ukawa wa Kidawa. Hakuna aliyeugusa. Karanga zake ziliwekwa pembeni, wateja wa karanga zilizomenywa wakazoea kuziulizia, na Nyamizi, ambaye mwanzo alifanya kwa ihsani, akajikuta amekwama bila yeye. Ikafika siku Mwasiti akachelewa kuamka, wakafika sokoni jua limepanda. Nguzo ya mlangoni ikausikia ushanga. Ikanyamaza kidogo, kama inayoulizana na wenzake huko ndani. Mwasiti akashika kanga yake kwa mikono miwili.

"Kidawa, umechelewa," ikasema nguzo. "Bi Nyamizi anakungoja. Amekuulizia, na amekasirika."

Kidawa hakusema asante. Hakuinamisha kichwa. Hakuvua ndala.

"Akasirike," akasema. "Amezoea." Akapita, akaenda moja kwa moja kwenye ungo wake, akakaa katikati ya kiti, makalio yote mawili.

Mwasiti aliegemea nguzo ile ya mlangoni, akacheka mpaka akatokwa machozi, akaipigapiga mgongoni kama mtu aliyepaliwa.

*

Mvua zilipoanza, Kasubi alikuja siku moja na habari. Tangu karanga zile, Kidawa hakuukaribia mstari wa njano. Na si yeye tu. Mzee aliyekuwa kinyozi alipewa mkasi butu na kiti cha kunyolea, na sasa akigombezwa kwa kuchelewa huja mbio. Yule bibi wa vyooni alipewa kanga za kukunja, akawa mkali sana kwa wakunjaji wengine. Habari zilikuwa zimefika miji mingine, nayo ilitaka kuja kuona.

Alipofika chini ya nguzo ya saba, kabla hajafungua kinywa, Kidawa aliinua macho kutoka kwenye ungo.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Nyamizi, msogezee mgeni kigoda. Huyu si mtu wa hapa, usimwache amesimama."

Kasubi akasimama palepale, mkono hewani. Akamtazama Mwasiti, Mwasiti akamtazama yeye. Kisha kijana akainama hadi chini.

"Asante, mama. Nimeshakaribia."

"Kaa basi. Tena usiondoke mapema, watu watasema tumekufukuza."

Akaketi. Akapewa karanga. Alipomaliza kumeza, akamgeukia Mwasiti.

"Utaratibu huu utawekwa kwenye nguzo za miji yote," akasema, "nao utaitwa kwa jina la aliyeubuni. Ndiyo maana nimekuja. Hili la kwamba karibu ndiyo iliyokuwa ikiwafukuza, nani aliliona kwanza?"

Mwasiti alitazama nguzo za soko, moja baada ya nyingine. Akawaza nguzo za miji yote. Njia ya Mwasiti. Ilikuwa na mlio mzuri.

"Ni mimi," akasema. "Nilikesha, mwanangu. Usiku kucha, taa imewaka, nikalitafakari neno moja mpaka alfajiri."

"Mwongo huyu," akasema Kidawa, bila kuinua kichwa. "Mimi ndiye niliyekwambia. Ukanicheka."

"Msamehe," Mwasiti akamwambia Kasubi upesi, kwa sauti ya chini. "Unaijua hali yake. Anasahau."

Mkono wa Kidawa ukasimama kwenye ungo. Alimtazama wifi yake, kisha akaitazama ile karanga aliyoishika, kana kwamba ndiyo itakayojua.

"Labda nimesahau," akasema.

Nyamizi aliacha kumenya. Mwasiti akataka kusema, na pengine angesema. Lakini Kasubi alikuwa ameshageuka.

"Nguzo," akauliza, "nani alisema kwanza?"

"Bi Kidawa alisema, kwenye mstari wa njano," ikajibu nguzo, na soko zima likaisikia sauti tamu ya Bi Mwasiti binti Salehe. "Alisema: akikukaribisha kutwa nzima, anakukumbusha kwamba hapa si kwako. Bi Mwasiti alicheka."

Mwasiti akafungua kinywa akane. Lakini utamkanaje mtu anayesema kwa kinywa chako?

"Na ule usiku wa kukesha?" akauliza Nyamizi, amejishika mbavu.

"Habari za nyumbani sina," ikasema nguzo.

"Mimi ninazo," akasema Kidawa, na uso wake wote ulikuwa umerudi. "Alilala na mwiko mkononi, anakoroma, vyombo nikaviosha mimi." Akamsukumia Mwasiti nusu ya karanga zake. "Kaa chini umenye, mwongo we."